MIJI NA USAFIRI: KUPOTEA NJIA NDIKO KUJUA NJIA

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kampala, askari wa usalama barabarani aliyevaa sare nyeupe hushika zamu yake katika njia panda. Mbele yake husimama taksi zilizojaa abiria waendao kazini. Kulia kwake hupiga foleni malori yenye matoke na magunia ya makaa. Kushoto yapo magari ya watu binafsi, mengi yao yakiwa na mtu mmoja tu ndani. Na katikati ya hayo yote hupenya pikipiki za boda boda kama maji yapitayo kati ya mawe. Askari huyo huinua mkono mmoja, na upande mmoja wa jiji husimama. Huushusha, na upande huo huenda.

Yafaa ikumbukwe kwamba mkono huo ndio mahali ambapo sera yote ya usafiri ya jiji hukutana na mwananchi. Wakubwa wa jiji huandika amri mpya ofisini, magazeti huichapa na redio huisoma. Lakini dereva hazungumzi na waraka wala na redio. Huzungumza na askari. Amri ikiwa imetengenezwa vizuri, kazi ya askari huwa nyepesi. Amri ikiwa imetengenezwa vibaya, yeye ndiye wa kwanza kutukanwa, na pengine kurushiwa mawe, kwa jambo ambalo hakulipanga na ambalo hakuulizwa.

Kwa sababu hiyo leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, nalo ni jinsi miji inavyoingiza mambo mapya katika usafiri wake, na kwa nini mingine hufaulu pale ambapo mingine hushindwa. Jambo hili linawahusu askari kwa kazi yao, na linawahusu pia kama abiria. Askari atokaye kambini kwenda kuwaona jamaa zake siku ya mapumziko hupanda taksi ileile apandayo mwalimu na muuza samaki, naye hukwama katika msongamano uleule.

Upelelezi Kabla ya Vita

Kila askari aliyefundishwa anajua kwamba kamanda hapeleki kikosi mahali asipopajua. Kwanza hutuma wapelelezi. Wapelelezi huenda wachache, hutazama, huhesabu, na hurudi na habari. Kamanda mwenye busara hupanga pia njia ya kurudi nyuma, wala hafanyi hivyo kwa woga, bali kwa sababu anajua kwamba vita haviendi sikuzote kama ramani inavyosema. Kurudi nyuma kwa mpango ni jambo moja, na kukimbia ni jambo jingine. Kikosi kinachorudi nyuma kwa mpango hubaki na silaha zake na heshima yake. Kinachokimbia hupoteza vyote viwili.

Mji unaotaka kuanzisha jambo jipya barabarani uko katika hali hiyohiyo. Hakuna mtaalamu ajuaye kwa hakika maelfu ya madereva watafanya nini asubuhi ya siku ya kwanza. Hapo ndipo miji mingi huangukia katika moja ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni woga: mji huogopa kelele za wenye magari, ukaacha mambo yaendelee kuharibika mwaka hadi mwaka. Kosa la pili ni pupa: amri hutolewa ghafula, hutekelezwa kwa nguvu, kisha hufutwa kwa fadhaa baada ya siku chache.

Kosa la pili lina hasara ambayo haiandikwi katika hesabu za serikali. Amri inayotolewa leo na kufutwa kesho humvua askari heshima yake. Dereva aliyetozwa faini jana humcheka leo. Na siku amri nyingine itakapokuja, hata iwe njema namna gani, dereva huyo atasema moyoni mwake, "Nayo hii itapita."

Je, kuna njia ya tatu? Ipo, na miji kadhaa imeipita. Tuitazame miwili ya mbali, kisha jirani yetu mmoja, kabla hatujarudi nyumbani.

Singapore: Mlinzi Asiyesimamisha Gari

Singapore ni nchi ya mji mmoja, kisiwa kidogo kilichopata kujitawala peke yake mwaka 1965. Miaka ile hali ya usafiri pale haikuwa tofauti sana na tunayoijua sisi. Mabasi yalikuwa ya makampuni mengi madogo, mengi ni mabovu, na hayakufuata saa. Kando ya mabasi hayo zilikuwako teksi nyingi zisizo na leseni, zikibeba watu kwa bei nafuu na kuwalisha jamaa za madereva wake.

Serikali ya Singapore ilizipiga marufuku teksi hizo. Lakini haikuishia kwenye marufuku. Mwaka 1970 chama cha wafanyakazi cha nchi hiyo kiliunda shirika la ushirika la usafiri lililoitwa Comfort, na madereva wa teksi zisizo na leseni wakafunguliwa mlango wa kuingia humo, wapate leseni na gari la halali. Mlango mmoja ulifungwa wakati mlango mwingine ulipofunguliwa. Kwa upande wa mabasi, makampuni mengi yaliunganishwa yakawa matatu mwaka 1971, na mwaka 1973 yakawa moja. Mwaka uliofuata serikali ilipeleka maofisa wake kuitengeneza kampuni hiyo, na mabasi ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba wanafunzi na wafanyakazi wa viwandani yakaruhusiwa kusaidia saa za msongamano.

Baada ya hayo ndipo serikali ilipowageukia wenye magari madogo. Tarehe 2 Juni 1975 ilianza amri ambayo haikuwahi kutumiwa na mji mwingine wa namna hiyo duniani. Katikati ya mji ilipigwa duara, na kila gari dogo lililotaka kuingia ndani ya duara hilo kati ya saa 1.30 na saa 3.30 asubuhi lilipaswa kuwa na kibali kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kibali kiligharimu dola 3 za Singapore kwa siku, au dola 60 kwa mwezi, nacho kiliuzwa posta na katika vibanda vya barabarani. Gari lenye watu 4 au zaidi halikulipa kitu. Mabasi hayakulipa, wala magari ya polisi na ya zimamoto.

Sasa ndugu askari watazame kwa makini namna amri hiyo ilivyolindwa, kwa maana mwaka ule hapakuwa na kamera wala kompyuta barabarani. Katika kila barabara iingiayo ndani ya duara waliwekwa walinzi. Kazi yao ilikuwa kutazama vioo vya magari yanayopita na kuandika namba ya gari lisilo na kibali. Hawakulisimamisha gari. Gari lilipita, dereva akaenda zake, na baadaye hati ya kuitwa kujibu kosa ilimfuata mwenye gari nyumbani.

Shabaha ya utaratibu huo ilikuwa kutozuia magari yaliyoko nyuma. Lakini sisi twaona ndani yake faida ya pili. Kwa kuwa gari halikusimama, hapakuwa na mazungumzo dirishani. Hapakuwa na kubembeleza, wala kutishana kwa majina ya wakubwa, wala mkono ulionyooshwa na kitu kidogo ndani yake. Mlinzi aliondolewa majaribuni, na mwananchi vilevile. Heshima ya mlinzi haikutegemea wema wa moyo wake peke yake. Utaratibu wenyewe uliilinda.

Walihesabu, Wakakiri, Wakarekebisha

Serikali ile ilitaka magari ya asubuhi yapungue kwa asilimia 25 hadi 30. Yalipohesabiwa, yalikuwa yamepungua kwa asilimia 40 na zaidi. Baadhi ya watu walisema kwamba dawa ilikuwa kali kupita ugonjwa, kwani barabara za ndani ya duara zilionekana kuwa tupu mno saa hizo.

Tena yalitokea mambo ambayo hayakutazamiwa. Madereva wengi waligundua kwamba wakingoja mpaka saa 3.30 ipite, wataingia bure. Basi ilipogonga saa hiyo, magari yalimiminika yote kwa pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Hapakupita hata miezi miwili kabla ya marekebisho kufanywa. Kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka uleule, saa za amri ziliongezwa mpaka saa 4.15. Teksi, ambazo mwanzoni zilisamehewa, ziliingizwa katika amri baada ya wiki chache.

Jambo jingine lilishindwa kabisa. Serikali ilitengeneza viwanja vya kuegesha magari pembezoni mwa duara ili wenye magari wayaache huko na kuingia mjini kwa mabasi madogo ya pekee. Viwanja vilikaa vitupu. Wenye magari hawakupenda kuteremka gari moja na kupanda jingine karibu na mwisho wa safari. Aliyeamua kupanda basi alilipanda kutoka nyumbani kwake. Serikali ingaliweza kuona haya na kuendelea kupoteza fedha. Haikufanya hivyo. Ilikiri kwamba sehemu hiyo imeshindwa, ikaiacha, na ikashika ile iliyofaulu.

Kutoka hapo kazi iliendelea kwa hatua. Mwaka 1987 reli ya abiria ya mjini ilifunguliwa. Mwaka 1989 amri ilifikishwa hadi saa za jioni, na magari yenye watu wengi yakaacha kusamehewa. Mwaka 1994 ikawa ya mchana kutwa. Mwaka 1998 walinzi wenye kalamu waliondoka, na mitambo ya elektroniki ikachukua nafasi yao. Ukihesabu tangu siku ya kwanza, ni miaka 23. Wale wanaoziona mashine za leo na kusema, "Nasi tununue kama hizo," husahau kwamba mashine zilikuja mwisho. Kilichokuja kwanza kilikuwa basi, mlinzi, kalamu na daftari.

Yatupasa kusema kweli kwamba Singapore si Kampala. Ni kisiwa, serikali yake ni moja kwa mji na nchi, na wenye magari mwaka 1975 walikuwa sehemu ndogo ya watu. Kwa hiyo mtu aweza kuuliza: je, njia hiyo yafaa mahali ambapo wananchi wengi huipinga amri waziwazi, na wapinzani wana sauti? Jibu tunalipata katika mji mwingine, ulio mbali zaidi kaskazini.

Stockholm: Miezi Saba ya Kuona kwa Macho

Stockholm ni mji mkuu wa Sweden, uliojengwa juu ya visiwa vilivyounganishwa kwa madaraja. Wakubwa wa mji huo walipotaka kuwatoza wenye magari waingiao na kutoka katikati ya mji, upinzani ulikuwa mkubwa. Magazeti yalitabiri msiba, na maoni ya watu yalionyesha kwamba wengi hawakuitaka tozo hiyo.

Kilichofanyika ni hiki. Amri haikutangazwa kuwa ya milele. Ilitangazwa kuwa majaribio yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha: kuanzia tarehe 3 Januari hadi tarehe 31 Julai mwaka 2006. Baada ya hapo tozo ingekoma, na wananchi wa mji wangepiga kura waseme kama wanaitaka au hawaitaki. Na kabla tozo haijaanza, tangu mwezi wa Agosti 2005, mabasi ya ziada yaliwekwa barabarani ili yule atakayeacha gari lake nyumbani asikose namna ya kufika kazini.

Siku ya kwanza ilifika. Kamera zilisoma namba za magari, na magari yavukayo mpaka wa tozo yakapungua kwa kiasi cha asilimia 20. Foleni zilizokuwa zikila muda wa watu asubuhi na jioni zilipungua sana. Msiba uliotabiriwa haukuja. Mwisho wa Julai tozo ilikoma kama ilivyoahidiwa, na magari yakaongezeka tena barabarani. Basi mwananchi wa Stockholm alikuwa ameona kwa macho yake hali tatu: ya kabla, ya wakati, na ya baada. Hakuhitaji kusomewa hotuba. Kura ilipopigwa tarehe 17 Septemba mwaka huo, zaidi kidogo ya nusu ya wapiga kura wa mji walisema ndiyo, na tarehe 1 Agosti 2007 tozo ilirudi, safari hii moja kwa moja.

Hatusemi kwamba watu wote waliridhika. Baadhi ya miji midogo ya jirani ilipiga kura zake yenyewe na kuikataa tozo, kwa maana watu wake walilipa bila kuwa na sauti katika kura ya mji mkuu. Lakini yafaa tuone siri ya jambo lile. Kwa kuweka tarehe ya mwisho tangu mwanzo, wakubwa wa mji walitengeneza njia ya kurudi nyuma kwa heshima. Kama tozo ingekataliwa, hakuna ambaye angefedheheka: si meya, si polisi, si sheria yenyewe. Watu wangesema, "Tulijaribu, tukapima, tukaacha." Majaribio yaliyotajwa kuwa majaribio hayana aibu yakikoma. Amri iliyotangazwa kuwa ya kudumu, ikifutwa baada ya wiki moja, ina aibu isiyofutika upesi.

Jirani Zetu wa Dar es Salaam

Mtu aweza kusema kwamba miji hiyo ni tajiri, na mifano yake haitufai. Basi tutazame kwa jirani zetu wa Tanzania, ambao mfuko wao haukuwa mnono kuliko wetu.

Kwa miaka mingi usafiri wa Dar es Salaam ulibebwa na daladala, magari ya watu binafsi yaliyoruhusiwa rasmi mwaka 1983 baada ya mabasi ya shirika la umma kuzidiwa na wingi wa abiria. Mwaka 2007 serikali iliunda wakala wa mabasi yaendayo haraka. Mabasi hayo yalianza kubeba abiria mwezi wa Mei mwaka 2016, yakipita katika njia yake yenyewe katikati ya barabara kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Kati ya kuundwa kwa wakala na basi la kwanza ilipita miaka 9. Muda huo haukwenda wote katika kumwaga zege. Sehemu yake ilikwenda katika mazungumzo na wenye daladala, ambao njia zao ziliondolewa kwenye barabara hiyo, na ambao walipewa nafasi ya kushiriki katika kampuni ya kuendesha mabasi mapya.

Safari iliyokuwa ikila saa mbili au zaidi ilifupishwa sana, na jitihada hiyo ikaipatia Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini jirani zetu wenyewe husema waziwazi kwamba mambo hayakwenda yote sawa. Mabasi yalikuwa machache kuliko abiria, na watu wakasongamana vituoni. Karakana kuu ilijengwa katika bonde la Jangwani, mahali ambapo maji ya mvua hupita, na mafuriko yakaifuata humo zaidi ya mara moja. Pikipiki na magari ya watu yakaingia katika njia ya mabasi, na polisi wakalazimika kuilinda njia hiyo.

Hapo tena twamkuta askari wetu. Msitari uliochorwa barabarani ni rangi tu. Kinachoufanya kuwa njia ya basi ni askari anayeulinda kwa haki, bila kumruhusu mkubwa kupita na kumkamata mdogo. Siku gari moja la heshima likiruhusiwa kupita humo bila sababu ya dharura, siku ya pili yatapita kumi, na siku ya tatu basi litakwama kama taksi nyingine yoyote.

Tukirudi Nyumbani

Kampala nayo imejaribu mambo mengi. Mwaka 2012 mabasi makubwa ya abiria yalirudishwa katika barabara za jiji. Kabla ya miaka miwili kupita, yaliondolewa barabarani kwa sababu ya madai ya kodi, na abiria wakarudi kwenye taksi zao. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, boda boda zilikatazwa kubeba abiria kwa miezi kadhaa, zikaruhusiwa kubeba mizigo tu. Na ni askari waliosimama njiani wakijibizana na vijana waliokuwa na pikipiki lakini hawana chakula nyumbani. Mwezi wa Juni mwaka 2025 ulianzishwa utaratibu wa kuwatoza faini madereva kwa kamera na mitambo. Malalamiko yakawa makubwa, juu ya ukubwa wa faini, juu ya wepesi wake wa kuongezeka, na juu ya kikomo cha mwendo. Na baada ya siku chache tu utaratibu huo ukasitishwa ili uangaliwe upya.

Hatuyataji haya kwa kumlaumu mtu. Mwendo wa kasi huua, na kamera haimwonei mtu haya wala haipokei kitu kidogo. Nia ilikuwa njema. Lakini tukiulinganisha mwaka ule wa 2025 na ule wa Stockholm wa 2006, twaiona tofauti. Kule kusimama kwa utaratibu kulikuwa kumeandikwa katika mpango tangu mwanzo. Huku kulikuja kwa shinikizo. Kule wakubwa walirudi nyuma kwa hiari na kwa tarehe waliyoitaja wenyewe, wakapata kusonga mbele tena wakiwa na nguvu zaidi. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini aliyepotea hujua njia kwa sharti moja, kwamba akumbuke alipopitia.

Mambo Manne

Kutokana na mifano hiyo twapenda kuweka mbele ya wakubwa wa miji yetu, na mbele ya askari wenyewe, mambo manne.

La kwanza: jambo jipya litajwe shabaha yake kwa tarakimu kabla ya kuanza. Singapore ilisema ni asilimia ngapi inazitaka, ndiyo maana iliweza kujua kama imepita kiasi au imepungukiwa. Amri isiyo na kipimo haiwezi kufaulu wala kushindwa. Huwa ni kelele tu.

La pili: mlango mpya ufunguliwe kabla ya mlango wa zamani kufungwa. Basi litangulie tozo, na leseni itangulie marufuku. Kijana wa boda boda anayeambiwa asiingie katikati ya jiji aonyeshwe kwanza mahali pa kusimama na kazi ya kufanya. Asipoonyeshwa, atarudi kwa njia ya uchochoroni, na askari atakuwa akimfukuza kila siku mtu yuleyule.

La tatu: majaribio yaitwe majaribio, nayo yapewe siku ya mwisho. Mwananchi huvumilia miezi sita ya jambo zito akijua kwamba mwishoni ataulizwa. Hawezi kuvumilia hata siku sita za jambo ambalo hajui litaishia wapi.

La nne, nalo ndilo lililotufanya tuandike leo: askari aambiwe kwanza, na aulizwe mwisho. Aambiwe kwanza, kwa maana si haki apate habari za amri mpya kutoka redioni siku ileile anayotakiwa kuitekeleza. Na aulizwe mwisho, majaribio yanapokwisha, kwa maana hakuna mhandisi aijuaye njia panda kama mtu aliyesimama ndani yake kwa mvua na kwa jua. Yeye ndiye ajuaye ni saa ngapi malori ya sokoni huziba barabara, ni kona ipi watoto wa shule huvukia, na ni taa ipi iliyowekwa mahali ambapo dereva haioni.

Walinzi wa Singapore waliandika namba za magari katika daftari, na kutoka katika kazi hiyo ya kalamu ukatoka utaratibu ambao miji mikubwa ya dunia imekuja kujifunza. Askari wetu pia anayo daftari mfukoni. Humo huandika makosa na ajali. Twamwomba mkubwa wake amruhusu aandike pia yale anayoyaona, na twamwomba mkubwa huyo ayasome.

Kesho asubuhi askari huyo atakuwa tena pale njia panda, kabla jua halijapanda. Atainua mkono wake, na taksi, malori na pikipiki zitasimama. Jukumu la wale walioko ofisini ni kuhakikisha kwamba amri iliyo nyuma ya mkono huo imepimwa, imeelezwa, na itakuwapo bado mwisho wa juma. Na jukumu la askari ni kuushika mkono huo uwe safi, upate kuaminiwa na dereva wa gari la mkubwa na kijana wa boda boda kwa kiasi kilekile.